Malipo ya mkupuo: Gary Kildall, Bill Gates na mkataba wa IBM wa 1980

Mwaka 1980 IBM, kampuni kubwa ya kompyuta, iliwapelekea watu wawili pendekezo linalofanana: tukulipe mkupuo mara moja, halafu tuutumie mfumo wako endeshi, yaani programu ya msingi inayoendesha kompyuta, kwenye kompyuta zetu zote tutakazouza. Wa kwanza, Gary Kildall, hakuridhika. Alitaka mrabaha kwa kila nakala. Wa pili, Bill Gates, alikubali. Mpe mhasibu yeyote karatasi hizo mbili bila majina na atakuambia kuwa aliyekataa ndiye aliyepiga hesabu vizuri. Lakini aliyechukua mkupuo ndiye aliyekuja kuwa tajiri wa kwanza duniani, na aliyekataa leo hukumbukwa zaidi na wapenzi wa historia ya kompyuta.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kwa kutazama tabia za watu. Siku IBM walipobisha hodi, Kildall alikuwa angani akiendesha ndege yake. Gates alikuwa ofisini, amevaa suti, anawasubiri. Mmoja mpenda starehe, mwingine mchapakazi, na kila mtu akavuna alichopanda. Hadithi hiyo inasimulika vizuri mno, na ndiyo sababu siiamini sana. Tabia zao zilitofautiana kweli, lakini ukitaka kujua kwa nini mmoja alikataa na mwingine akakubali, soma mikataba ambayo kila mmoja wao alikuwa ameshaisaini kabla IBM haijafika.

Tuanze na Kildall, kwa sababu yeye ndiye asiyejulikana. Alizaliwa Seattle mwaka 1942, katika familia iliyoendesha shule ya kuwafundisha mabaharia kazi ya kuongoza meli. Alipata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1972, na akawa mwalimu katika chuo cha jeshi la wanamaji kule Monterey, California. Wakati huo Intel ilikuwa imeanza kutengeneza prosesa ndogo, chipu zilizo kama ubongo wa kompyuta, ambazo kampuni yenyewe iliziona kama vifaa vya kuongozea mashine nyingine, taa za barabarani na kadhalika. Kildall aliona kompyuta kamili. Akawa mshauri wa Intel, akawaandikia lugha ya programu iliyoitwa PL/M, kisha mwaka 1974 akafanya jambo lililobadilisha kila kitu: aliunganisha prosesa ndogo na kiendeshi cha flopi, diski laini ya kuhifadhia data, na kuandika programu ya kuviongoza vyote viwili. Programu hiyo aliiita CP/M. Intel waliichukua PL/M, CP/M hawakuitaka, ikabaki mikononi mwake.

Aliyewahi kufungua kompyuta yenye Windows na kuona diski yake imeandikwa C: amekutana na urithi wa CP/M bila kujua. Mpangilio wa A: na B: kwa flopi, na majina ya mafaili yasiyozidi herufi nane na viambishi vya herufi tatu mwishoni, Microsoft, kampuni ya Gates, ilivipokea kutoka huko. Lakini wazo zito zaidi la Kildall halionekani kwenye skrini. Aliigawa programu yake sehemu mbili: sehemu ndogo inayojua vifaa vya mashine fulani, na sehemu kubwa isiyojali mashine ni ya nani. Sehemu hiyo ndogo aliiita BIOS, jina linalotumika hadi leo. Kuanzia hapo mtengenezaji yeyote wa kompyuta aliandika BIOS yake tu, na programu zote za CP/M zikafanya kazi kwake. Hapo ndipo lilipozaliwa soko la programu zisizofungwa kwa kampuni moja. Ninalisisitiza hili kwa sababu utajiri wa Gates ulikuja kusimama juu ya wazo hilohilo.

Sasa upande wa fedha. Kildall na mkewe, Dorothy McEwen, walianzisha kampuni waliyoipa jina la utani, Intergalactic Digital Research, ambalo baadaye lilifupishwa kuwa Digital Research, katika mji mdogo wa Pacific Grove. Mmoja wa wateja wao wa mwanzo, kampuni ya GNAT, alipata leseni ya kuitumia CP/M bila kikomo kwa dola 90. Tisini! Mwaka 1977 IMSAI, waliokuwa wakitengeneza kompyuta nyingi zaidi, walilipa dola 25,000 za mkupuo, na mtu aliyesimamia ununuzi huo upande wa IMSAI, Seymour Rubinstein, hakuficha baadaye kwamba alijiona kaokota dodo chini ya mnazi. CP/M ikaenea kwa mamia ya watengenezaji. Kildall aliwatazama wengine wakihesabu mauzo ya kitu ambacho yeye alilipwa mara moja tu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. IBM walipofika na kusema neno mkupuo, hawakuwa wakizungumza na mtu asiyejua biashara. Walikuwa wakizungumza na mtu aliyeijua hasara ya mkupuo kwa jina.

Gates alikuwa na jeraha la aina nyingine. Naye ni mtoto wa Seattle, mdogo kwa Kildall kwa miaka kumi na mitatu, baba yake wakili, mama yake mwanamke mwenye nafasi kwenye bodi mbalimbali. Mwaka 1975, yeye na Paul Allen waliandika lugha ya BASIC kwa ajili ya kompyuta ya Altair ya kampuni ya MITS, huko Albuquerque. Mkataba wao na MITS ulikuwa na mrabaha kwa kila nakala, yaani kile ambacho Kildall angekitamani, lakini mrabaha huo ulikuwa na ukomo wa dola 180,000, na haki ya kuwauzia wengine BASIC hiyo waliikabidhi MITS pekee. Ndipo wakabanwa. Wateja wengine walikuwapo, fedha zilikuwapo, ila mlango ulikuwa na ufunguo mmoja na ufunguo ulikuwa kwa MITS. Wamiliki wapya wa MITS walipoziba kabisa njia hiyo, Gates na Allen walikimbilia usuluhishi, na mwaka 1977 wakashinda kwa sababu ya kipengele kimoja: mkataba ulikuwa umeitaka MITS ifanye kila juhudi kuiuza BASIC kwa wengine, na haikufanya hivyo.

Kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyenusurika kwa kipengele kimoja cha mkataba hakisahau maisha. Somo alilolipata Gates halikuwa kuhusu kiasi cha kulipwa. Lilikuwa kuhusu nani anabaki na haki ya kumuuzia mtu wa tatu.

Kabla ya IBM, watu hawa wawili hawakuwa maadui. Digital Research ilikuwa na mfumo endeshi, Microsoft ilikuwa na lugha za programu, na bidhaa moja iliuza nyingine. Waliwahi hata kuzungumzia kuziunganisha kampuni zao, mazungumzo yakaishia hewani. Mwaka 1980 Microsoft ilitoa kadi ya kuifanya kompyuta ya Apple II iendeshe CP/M, kwa leseni kutoka kwa Kildall. Na pengine kadi hiyo ndiyo iliyowachanganya IBM, kwani walipokwenda kwa Gates kutafuta BASIC, walidhani na CP/M pia ni ya Microsoft.

Aliyekwenda alikuwa Jack Sams wa IBM. Anasimulia kwamba alipopokewa mlangoni alimdhania Gates ni kijana wa kazi za ofisini. Walipoketi, IBM walitoa karatasi yao ya kutunza siri, karatasi iliyowafunga wageni wao zaidi kuliko ilivyoifunga IBM yenyewe. Gates akaisaini pasipo mjadala. Alipoulizwa kuhusu mfumo endeshi, alifanya jambo ambalo wanaomchukia husahau kulitaja: alimpigia simu Kildall, akamwambia kuna watu wakubwa wanakuja na wapokelewe vizuri. Hangeweza kuwataja, kwa kuwa alikuwa ameshasaini.

Wajumbe wa IBM walifika Pacific Grove Agosti 1980. Kildall asubuhi hiyo aliruka kwenda Oakland, lakini hakwenda kutalii: alikuwa na mwenzake wa kazini, Tom Rolander, wakienda kwa Bill Godbout, mteja wao. Mazungumzo na watengenezaji wa kompyuta kwa kawaida yalikuwa kazi ya Dorothy. IBM wakamwekea Dorothy karatasi ileile. Yeye akaona inawabana mno, akamwita wakili wao, Gerry Davis, na saa zikapita bila saini. Anayemlaumu Dorothy kwa siku hiyo labda hajawahi kuketi mbele ya kampuni kubwa iliyokuja na karatasi iliyoandikwa na wanasheria wake peke yao. Alifanya ambacho mkurugenzi yeyote makini angefanya.

Kildall alisema alirudi mchana, akakutana na IBM, na hata usiku wa siku hiyo akasafiri nao ndege moja kuelekea Florida, alikokuwa akienda likizo na mkewe. Sams alisema hakumbuki kuonana naye. Hapo simulizi zinagongana na hakuna wa kuziamua. Lililo wazi ni kwamba kikwazo hakikuwa ndege. Tatizo lilikuwa bei na masharti: IBM, inasemekana, ilitaka kulipa dola 250,000 za mkupuo na hata kubadili jina la CP/M, wakati Digital Research ilitaka kulipwa kwa kila nakala kama ilivyokuwa ikiwatoza wateja wengine wakati huo. Juu ya hayo, toleo la CP/M kwa prosesa mpya za biti 16 lilikuwa limechelewa.

Kuchelewa huko kulikuwa na madhara makubwa kuliko safari yoyote ya ndege. Katika mji wa Seattle, kampuni ndogo iitwayo Seattle Computer Products ilikuwa imetengeneza kompyuta ya prosesa ya 8086, mojawapo ya hizo mpya za biti 16, na haikuwa na mfumo endeshi wa kuiuzia. Fundi wao kijana, Tim Paterson, alichoka kusubiri. Mwaka 1980 akaandika wa kwake na kuuita QDOS, jina linalomaanisha mfumo wa harakaharaka usiojali usafi. Ili programu za CP/M zihamishike kirahisi, Paterson aliuchukua mwongozo wa CP/M na kuhakikisha maombi ambayo programu hutuma kwa mfumo yanafanana. Kildall hadi mwisho aliamini kaibiwa. Paterson alikana siku zote kwamba alinakili msimbo, na uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa miaka mingi baadaye haukuona dalili ya kunakiliwa. Kwamba aliiga kwa makusudi jinsi CP/M inavyofanya kazi kwa nje, hilo hakulikana.

Mwishoni mwa Septemba Gates na wenzake, akiwamo Steve Ballmer aliyekuwa na miezi michache tu kazini, walisafiri usiku kucha hadi Florida kuwasilisha pendekezo lao kwa IBM. Njiani Gates aligundua hana tai, wakasimama dukani kununua. Mkataba ulisainiwa Novemba. Kwa Seattle Computer Products walilipa dola 25,000 za leseni ya QDOS bila kumtaja mteja waliyekuwa naye, na Julai 1981, wiki chache kabla IBM haijaizindua kompyuta yake tarehe 12 Agosti, wakaongeza dola 50,000 na kununua haki zote. Rod Brock, mwenye kampuni, alidhani anauza kwa bei nzuri. Baadaye alifungua kesi na mwaka 1986 Microsoft ikamaliza kwa kulipa dola 925,000.

Hapa tabia ya Gates inaonekana bila pazia. Mwaka 1976 aliandika barua ya wazi akiwakaripia wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakinakili BASIC yake bila kulipa. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyejali haki ya mwandishi wa programu. Alikuwa mtu aliyejali sana haki hiyo inapokuwa yake. Kumficha Brock jina la mteja hakukuvunja sheria. Wengine huita ujanja wa kawaida wa sokoni, na wafanyabiashara wengi wangefanya vivyo hivyo. Mimi nauona kama kipimo: Gates alikuwa tayari kuacha mtu aondoke mezani akiwa hajui kilichokuwa mezani.

Na kile alichokidai kwa IBM? Gates mwenyewe alieleza baadaye kwamba waliipa IBM bei ya chini sana, malipo ya mara moja, bila kuhesabu kompyuta. Alichokishikilia ni kimoja tu, kile kilichomkwamisha kwa MITS: haki ya Microsoft kuwauzia wengine mfumo huohuo. IBM hawakuliona hilo kuwa tatizo, kwa kuwa kwao thamani ilikuwa chuma, na nani angeweza kushindana na chuma cha IBM? Compaq, kampuni nyingine ya kompyuta, ilijibu muda si mrefu kwa kuiga BIOS ya IBM kihalali, wengine wakafuata, na kila mmoja alihitaji MS-DOS, jina ambalo Microsoft iliuuzia mfumo uliotokana na QDOS. IBM ikawa imemtangazia Gates bidhaa kwa gharama yake.

Kwa hiyo dhana kwamba Gates alimzidi Kildall kwa kujua thamani ya programu ni ya kupotosha. Kildall aliithamini zaidi, kiasi cha kukataa kuitoa kwa bei ya kutupa. Tofauti ni kwamba Kildall aliiona CP/M kama kazi ya mikono yake, na kila anayeitumia anamlipa aliyeifanya. Huo ni uadilifu wa fundi. Gates aliiona kama nafasi sokoni. Ukishaikalia, bei ya leo haina maana.

Kildall alipouona mfumo wa IBM alitishia kwenda mahakamani. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ndiyo kwanza ilikuwa imeongezewa vipengele vya programu za kompyuta Desemba 1980, na hakuna aliyejua kama kuiga tabia ya programu bila kunakili msimbo ni kosa. Kupigana na IBM kwa sheria changa kiasi hicho kungekula kampuni nzima. Akakubali suluhu: IBM ingeuza pia CP/M-86, lile toleo la CP/M la biti 16, kwa mrabaha. Yaani alipata alichokitaka tangu Agosti. Kisha bei zikatoka. Mfumo wa Microsoft dola 40. CP/M-86 dola 240, na ilichelewa kufika madukani kwa miezi. Mteja gani angesita?

Kildall aliamini kwamba IBM ilimtega kwa bei hiyo. Inawezekana. Lakini pia yeye hakuwa na hamu ya vita vya bei, na miaka iliyofuata inaonyesha moyo wake ulikuwa wapi. Alijishughulisha na lugha ya Logo ya kufundishia, akatengeneza programu ya ensaiklopidia ya Grolier kwenye CD-ROM katikati ya miaka ya 1980, mapema mno kwa wakati ule, na kwa miaka mingi alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles, akiwaeleza watazamaji bidhaa za washindani wake kwa ukarimu ambao mimi nisingeuweza. Hakufa masikini, kampuni ya programu ya Novell iliinunua Digital Research mwaka 1991 kwa fedha nyingi. Kilichomuuma ni sifa. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Washington kilipoadhimisha miaka 25 ya idara ya kompyuta, msemaji mkuu aliyealikwa alikuwa Gates, ambaye aliacha Harvard bila kumaliza, wakati yeye mwenye shahada ya uzamivu ya idara hiyo alialikwa kama mhitimu tu. Akaanza kuandika kumbukumbu zake. Alifariki Julai 1994, akiwa na miaka 52, na sehemu ya maandishi hayo ilitolewa hadharani na familia mwaka 2016. Sehemu iliyobaki walisema hawataitoa, kwa kuwa iliandikwa wakati pombe ilikuwa imemzidi na haimwakilishi alivyokuwa. Nawaelewa. Lakini msomaji ajue kwamba katika kisa hiki mshindi amezungumza kwa miongo mingi, na mwenzake kwa kurasa chache.

Kuna ushahidi mwingine, ambao hautegemei kumbukumbu za mtu. Mwaka 1988 Digital Research ilirudi na DR DOS, mfumo unaoendesha programu za MS-DOS na, kwa toleo la 1990, bora kuliko MS-DOS kwa mambo kadhaa. Safari hii mwigaji alikuwa Kildall na mwenye soko alikuwa Gates. Microsoft ilijibu kwa kuwatangazia watu toleo jipya mapema kabla halijawa tayari. Katika toleo la majaribio la Windows 3.1 iliweka msimbo uliofichwa, unaotoa ujumbe wa hitilafu pale Windows inapogundua kuwa chini yake haipo MS-DOS. Na ilikuwa ikiwapa watengenezaji wa kompyuta leseni ya bei nafuu kwa sharti la kulipa kwa kila prosesa waliyouza, iwe imewekewa MS-DOS au haikuwekewa. Aliyekubali mkupuo mwaka 1980 sasa alikuwa anahesabu kila mashine, hata ile isiyo na programu yake. Wizara ya Sheria ya Marekani ilimfanya aachane na leseni za namna hiyo kwa makubaliano ya tarehe 15 Julai 1994, siku nne baada ya Kildall kufariki. Haki za DR DOS zilipita Novell zikaishia kwa kampuni ya Caldera, iliyofungua kesi mwaka 1996, na Microsoft iliimaliza nje ya mahakama Januari 2000 kwa malipo ya mkupuo.